Mjadala: Machinjio ya Dar yafungiwe tabaini ya bayogesi, au jenereta ya pistoni inatosha?

Mchokonozi wa Tabata: Wadau, machinjio kama Vingunguti samadi haikosekani. Kwa nini isifungwe tabaini ya kilowati 30, ile mashine ya mapanga yanayozungushwa na gesi inayowaka? Umeme upo, ekzosi inachemsha maji ya kuoshea, joto linalobaki linaendesha chumba cha baridi.

Kipimajoto: Piga hesabu kwanza. Tabaini hiyo inageuza kuwa umeme asilimia 26 tu ya nishati ya gesi. Unahitaji mita za ujazo 19 za gesi kwa saa, 460 kwa siku. Kilo 25 za samadi mbichi hutoa mita moja hivi, kwa hiyo andaa tani 11 na nusu kila siku, hata Kwaresima. Na hizo kilowati 30 ni kwa hewa ya nyuzi 15. Kwa joto la Dar utapata 25 hivi. Jenereta ya pistoni inafika asilimia 30 hadi 35.

Fundi Spana: Ndiyo, na oili yake inageuka asidi kwa ile gesi ya salfa inayonuka yai viza. Baadhi ya tabaini shafti yake inaelea juu ya hewa, hazijui oili. Wapenda jenereta mna hisa kwenye duka la oili?

Kipimajoto: Hisa yangu inakuhusu nini? Jibu hesabu!

Dada Baridi: Spana, tabaini inavumilia salfa, kompresa ya kushindilia gesi je? Gesi inatoka na presha kiduchu, tabaini inataka bar 5 hivi. Maji yakikutana na salfa humo, kompresa inakufa kabla ya kitu kingine. Poza gesi, toa maji, ipitishe kwenye pipa la vyuma vyenye kutu. Halafu kwenye chumba chako cha baridi, chila (mashine ya kupoza kwa joto la ekzosi) ya lithiamu bromaidi haigandishi. Kugandisha kunataka ya amonia. Ila Dar nani anataka nyama ya friji?

Mla Supu: Mimi! Nyama ya moto, isiyopozwa, ni uchafu tu.

Kipimajoto: Uchafu? Ya friji ndiyo ngumu kama soli.

Dada Baridi: Ngumu kwa sababu wanaiwahisha. Ukiishusha chini ya nyuzi 10 kabla haijakakamaa, misuli inajikunja. Isubirishe kwa muda wa saa 10 hivi, ndipo uishushe.

Mla Supu: Saa 10 kwa joto hili? Inzi watakushukuru.

Mchokonozi wa Tabata: Jamani, tabaini!

Fundi Spana: Subiri kwanza. Dada, hizo saa 10 ni za ng'ombe au hata mbuzi?