Ibada ya Nyumbani kwa Bibi, Nyakato: gumzo la Jumatano

Mama Pendo (katibu), 06:48
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wakubwa wote, shikamooni. Ninaandika kwa mara ya tatu juma hili kuhusu ibada ya nyumbani kwa Bibi, ambayo haijafanyika tangu Pasaka. Naomba kila nyumba ijibu leo mambo mawili: siku inayowafaa, na kama mko tayari kupokea kwa zamu, kwa kuwa Bibi hawezi tena kubeba peke yake chai na mikeka ya watu ishirini. Tafadhali jibuni kwa maneno, si kwa picha ya mikono iliyokunjwa.

Shangazi wa Bwiru, 09:15
Amina.

Mama Pendo (katibu), 09:17
Asante, Shangazi. Siku ipi inakufaa?

Baba Imani wa Kirumba, 11:30
Dada, wewe unapendekeza Alhamisi kama zamani, lakini sisi wa mwaloni hatupangi juma kwa kalenda ya ukutani. Mwezi ukiwa mkubwa, dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala na vijana wangu wako nyumbani. Giza likirudi, wanaingia ziwani jioni na kutoka alfajiri, nami ninashinda kwenye vichanja kugeuza dagaa mpaka jua linatua. Mkiweka kila Alhamisi, nusu ya mwezi nitakuwepo na nusu nyingine mtanihesabu mtoro. Ninaomba ibada ifuate mbalamwezi, walau mara mbili kwa mwezi.

Kijana wa Nyegezi, 12:04
Shikamooni. Mimi ningependa kupokea, ila ninakaa chumba kimoja cha kupanga, kitanda na jiko viko pamoja, na mwenye nyumba hataki sauti baada ya saa tatu usiku. Hata hivyo nimekuwa nikimfikiria Akila na Prisila. Walifukuzwa Rumi kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakaishi Korintho wakishona mahema, wakahamia Efeso, kisha wakarudi Rumi. Na Paulo anataja kanisa katika nyumba yao kule Efeso na tena kule Rumi. Walikuwa watu wa kuhamahama kama sisi wapangaji, na kanisa likahama nao. Je, tukisoma neno pamoja kwa simu, kila mtu chumbani kwake, haitoshi kwa kuanzia?

Mama Pendo (katibu), 12:20
Mdogo wangu, umesema vizuri, na kwa walio mbali simu ni msaada ambao wazee wetu hawakuupata. Lakini simu hainionyeshi kwamba umekonda. Mwaka jana tulijua kwamba hukuwa na ada kwa sababu ulikuja kwa Bibi umevaa kandambili siku ya mvua, na hukuwa umeandika neno hata moja humu. Chumba chako kinatosha watu watano, nasi tutaimba kwa sauti ya chini. Bado ninahitaji siku.

Baba Mdogo wa Sengerema, 14:02
Mimi nitakuja siku yoyote mtakayopanga, ilimradi sambusa zisiishe kabla sijafika.

Baba Imani wa Kirumba, 14:05
Baba Mdogo, miaka yote ulituambia kwamba foleni ya kivuko pale Kigongo ndiyo iliyokuchelewesha. Daraja limefunguliwa tangu Juni 2025, kilomita tatu tu juu ya maji. Safari hii utatuambia nini?

Baba Mdogo wa Sengerema, 14:09
Nitasema nilisimama katikati kulitazama ziwa. Nitaleta sato wawili wakubwa, mnisamehe yaliyopita.

Kijana wa Nyegezi, 14:10
Sato wawili kwa watu ishirini, Baba Mdogo? Hapo utahitajika muujiza wa mikate mitano.

Mama Pendo (katibu), 14:31
Ndugu zangu, tumefikia samaki kabla ya siku. Alhamisi au Jumamosi?

Mama Baraka wa Igoma, 19:40
Nimesoma tangu asubuhi nikanyamaza, lakini naona tunapanga kana kwamba ibada ilikufa kwa sababu ya chai na mikeka. Mimi niliacha kuja kabla ya Pasaka, na hakuna aliyeniuliza. Nilileta ombi la ndoa ya binti yangu katika sebule ile, tukiwa tumeshikana mikono, na kabla ya Jumapili muuza nyanya akanipa pole kwa jambo ambalo nilikuwa nimemwambia Mungu na ninyi tu. Kanisani, katika watu mia nne, ningenyamaza nalo. Nilisema kwa sababu palikuwa nyumbani.

Mama Pendo (katibu), 19:58
Dada, ni kweli sikukuuliza. Nilihesabu viti vilivyo wazi, nikawasahau wenye viti. Nisamehe.

Bibi, 20:55 *(anaandikiwa na mjukuu)*
Mwangaluka, wanangu, ingawa ni usiku. Nyanya yangu alisomea imani kule Nassa, ambako watu wa Africa Inland Mission walipokea kituo mwaka 1909 kutoka kwa wale wa Church Missionary Society, na alizoea kuniambia kwamba alijifunza kuomba uani, akipepeta mtama, kabla hajaketi kwenye benchi la kanisa. Kwa hiyo sitaona ajabu mkihamia Nyegezi au mwaloni. Tangu Pasaka, kila Alhamisi nimetandika ule mkeka wenye kona iliyoungua, nikachemsha chai ya vikombe sita, na ilipofika saa mbili nikairudisha kwenye chupa. Sikusema, kwa sababu sikutaka mje kwa kunihurumia.
Kuhusu Mama Baraka: aliyelitoa neno lile nje alikuja kwangu siku zile zile, akalia, nami nikamwambia aende akaombe radhi kwa aliyemkosea. Leo ninasikia kwamba hakwenda. Simtaji. Lakini sitashikana naye mikono katika maombi kabla hajafika Igoma, kwa miguu yake, si kwa simu.

Baba Imani wa Kirumba, 21:20
Tumesikia, Bibi.

Shangazi wa Bwiru, 22:47
Mama Baraka, kesho utakuwa nyumbani saa ngapi?

Mama Baraka wa Igoma, 23:02
Baada ya saa kumi, Shangazi. Uje ukiwa na muda.

Mama Pendo (katibu), 06:41
Bwana Yesu asifiwe. Leo ni Alhamisi; nitakwenda kwa Bibi saa kumi na mbili jioni kunywa ile chai, na anayeweza anifuate. Jumamosi ya mbalamwezi bado ni pendekezo la Kirumba, na nyumba ya pili baada ya Nyegezi haijapatikana.

Baba Mdogo wa Sengerema, 08:15
Sato niwalete leo, au nisubiri Jumamosi?