Mliowahi kuwasikia pomboo wakiitana baharini, tupeane uzoefu

MtotoWaBahi:
Mbukwenyi wakuu. Jana jioni nilikuwa Bahi kwa mjomba, ng'ombe ndio wanarudi, yule kijana mchungaji akapiga mluzi mmoja unapanda halafu unashuka, akageuka ng'ombe mmoja tu, wengine wala. Mwili ukanisisimka, maana mara ya mwisho kuona kitu kama kile nilikuwa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ndani ya maji na aliyepiga mluzi hakuwa mtu. Najua wengi wetu huku Dodoma bahari tumeiona ukubwani, ila mliofika Unguja, Pemba, Mafia mkawakuta pomboo, mwageni hapa mlichosikia.

BintiNzuguni:
Nimefika, nimewaona, sikusikia kitu. Boti ilinguruma mwanzo mwisho.

MamaWawili_Kilimani:
Dah mtoa mada umenitonesha. Tulienda watu sita wa kazini, treni mpaka Dar, boti mpaka Unguja, kesho yake alfajiri tuko Kizimkazi. Tulipowapata walikuwa kama kumi na kitu, wanakwenda taratibu, wengine wawili wawili wamegusana mapezi, ukiwaangalia unaona kabisa hawa ni ndugu. Mara boti zikaja, nilihesabu tisa, nahodha wetu anapiga kelele rukeni rukeni, nikaruka. Kichwa kilipoingia majini nikasikia injini tu, kila upande, hujui inatoka wapi. Yetu ilipozimwa ndio nikasikia mluzi, mwembamba, ule ule unarudiwa, unarudiwa. Kugeuka namuona mtoto, mdogo bado ana ile mikunjo ubavuni ya kutoka tumboni, yuko upande huu wa boti mbili na mama yake yuko upande ule. Jamani mimi mwanangu alishanipotea soko la Majengo dakika kama kumi, ile sauti naijua. Nililia ndani ya miwani ya kupigia mbizi mpaka ikajaa. Mwisho mama alipita chini ya boti akamchukua ubavuni wakazama wote, lakini mimi sikuingia tena majini siku ile, wenzangu wananiuliza mbona umenuna nikashindwa hata kuwaeleza.

Chamwino255:
Pole dada. Hata mimi niliuona huo msongamano, inaumiza.

TichaKongwa:
Mama Wawili, hukukosea. Kila pomboo wa jamii ile anajitengenezea mluzi wake akiwa mchanga, na akitengana na wenzake ndio anaupiga zaidi. Uskochi watafiti waliwarekodi pomboo wa porini kisha wakawapigia milio ile majini, mwenye mluzi akajibu, akisikia wa mgeni ananyamaza, matokeo yalitoka 2013. Ni kama jina kabisa. Halafu kule Sarasota, Florida, wameona mama akiwa na mtoto anaupandisha mluzi wake, sauti inakuwa nyembamba zaidi, kama sisi tunavyobembeleza. Na kujua injini inatoka wapi ni ngumu kwa sikio letu kwa sababu sauti majini inakimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, hewani ni kama 340 tu. Pomboo hana shida hiyo, anasikia kwa taya la chini.

MvuviHombolo:
Mwalimu samaki hana jina. Mimi bwawani miaka kumi na nne sijaitwa na perege.

TichaKongwa:
Sio samaki kaka, ana mapafu, ananyonyesha.

MvuviHombolo:
Kina mapezi, kinaishi majini, kwangu samaki.

Chamwino255:
Huyo akinasa wavuni chini anakufa kwa kukosa pumzi, samaki gani anazama? Acha ubishi tusikilize watu.

Nungwi_NdaniYaDom:
Niko Dodoma kikazi, kwetu Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Sijawahi kuandika hili popote. Aprili 2006 nilikuwa darasa la tano, watu wakaamka wanasema ufukweni kuna pomboo. Tukakimbia tukijua wawili watatu. Walikuwa mamia, wamelala kwenye maji ya kina kifupi na mchangani kadiri macho yanavyofika. Kilichonitisha ni ukimya. Baba yangu mvuvi, alikuwa anatuambia pomboo ukiwa ndani ya ngalawa tulivu unawasikia kwenye mbao, siku ile bahari nzima imenyamaza. Wakubwa walikuja na visu kuchukua maini wapate sifa, yale mafuta ya kupaka vyombo vya baharini, siwalaumu, ndio maisha. Wataalamu wakapima, sumu hawakuiona, matumbo yalikuwa karibu matupu. Na zamani wazee wetu waliwavua nyama iwe chambo cha papa, sifichi, iliisha miaka ya 1990 katikati. Ila babu yangu aliyewavua ndiye aliyekaa chini siku ile akashika kichwa.

Ipagala_Mjeuri:
Mamia? Punguza chumvi.

TichaKongwa:
Hajatia chumvi, magazeti ya dunia nzima yaliandika, kama mia nne.

BintiNzuguni:
Mkuu wa Nungwi endelea, babu alisema nini?

Nungwi_NdaniYaDom:
Hakusema kitu. Alirudi nyumbani hakula.

MtotoWaBahi:
Wakuu mimi Desemba nataka kumpeleka mama. Twende au tusiende?

Chamwino255:
Usiende, kila anayelipa anaongeza boti.

MamaWawili_Kilimani:
Mpeleke, lakini patana na nahodha kabla ya hela: azime injini mbali, asiwakatie njia, na hakuna kuruka wakiwa na watoto au wamepumzika. Akikataa tafuta mwingine.

Ipagala_Mjeuri:
Nenda Mafia.

MvuviHombolo:
Akae Hombolo ale perege. Ila huyo mama kupita chini ya boti… haya, sio samaki.

BintiNzuguni:
Samahani nimerudi. Nimefungua video niliyochukua kule, simu ilikuwa kwenye mfuko wa kuzuia maji nikaizamisha, sikuwahi kuisikiliza kwa hedifoni. Mwishoni injini inazimwa. Mluzi upo, sekunde kama nne, unapanda unashuka, halafu mwingine tofauti unajibu. Nimerudia mpaka mwanangu kaja kuuliza mama nani anaita.

Nungwi_NdaniYaDom:
Iweke hapa dada. Naomba.