Oda zinaongezeka lakini hela siioni, duka langu la mtandaoni linavuja wapi?

Mleta uzi:
Wakuu, salaam. Nina duka dogo la mtandaoni, nauza mikoba ya kike. Picha napiga mwenyewe, wateja nawajibu mwenyewe, usiku nafunga mizigo. Mwezi uliopita nimepata oda nyingi kuliko wakati wowote tangu nianze. Cha ajabu, siku ya kuagiza mzigo mpya ilipofika ikabidi nikope! Mkoba nanunua 60 nauza 100 (hizo namba ni za mfano), kwa hiyo nilijua kila mmoja unaniachia 40. Usafiri kwa mteja ni bure, matangazo nalipia. Sasa nafikiria kuweka punguzo la 10% nichangamshe mauzo zaidi. Nakosea wapi? Msinitukane, nimechoka.

Mzee wa Stoo:
Hiyo 40 haipo, mkuu. Kabla sijasema lolote, leta gharama za kifurushi kimoja kuanzia kinapotoka kwako: usafiri, boksi na utepe, makato ya malipo, tangazo. Na kati ya mizigo kumi, mingapi inarudi?

Mleta uzi:
Usafiri 15, vifungashio 4, makato 3, tangazo kama 12 nikigawanya kwa oda. Unarudi mmoja katika kumi.

Bila Daftari:
Mali bila daftari… malizia mwenyewe.

Mzee wa Stoo:
Haya, tupige hesabu. 60 jumlisha 34 ni 94. Umebaki na 6, si 40. Mizigo tisa iliyokaa kwa wateja inakupa 54. Ule wa kumi ukirudi, mteja unamrudishia 100 yake yote, mkoba unaupata, ila usafiri umelipa kwenda na kurudi, 30, na vifungashio, makato na tangazo ndiyo vimeshaondoka, 19. Hasara 49. Yaani umefunga mizigo kumi, umeuza ya 1,000, umebaki na 5. Hapo mkoba uwe umerudi mzima.

Sasa weka hilo punguzo lako. Bei inakuwa 90, gharama ziko palepale, kila kifurushi kinaondoka na hasara ya karibu 4. Ukiuza sana ndiyo utafilisika haraka. Oda nyingi ndizo zilizokufanya ukope.

Mleta uzi:
Nimesoma mara tatu. Nimekaa chini.

Dada Vifurushi:
Pole dada au kaka. Mimi niulize kitu kimoja: huo mkoba unausafirisha kwenye boksi la ukubwa gani?

Mleta uzi:
Sentimita 40 kwa 30 kwa 20. Mkoba wenyewe haufiki kilo moja.

Dada Vifurushi:
Nilijua! Wasafirishaji wengi, hasa wa anga, hawaangalii mizani peke yake. Wanazidisha urefu, upana na kimo, wanagawanya kwa 5,000, halafu wanatoza uzito ulio mkubwa kati ya huo na wa mizani. Boksi lako ni 24,000, ukigawanya unapata kilo 4.8. Unalipia hewa. Mikoba laini nalaza kwenye mfuko mgumu wa plastiki, 35 kwa 25 kwa 10, inakuwa kilo 1.75. Muulize msafirishaji wako anagawanya kwa ngapi, wengine wana namba yao. Yenye umbo gumu usiikunje, itarudi imevunjika kiuno.

Mzee wa Stoo:
Na usafiri bure usiufute ghafla, wateja watakukimbia. Uweke kwa anayenunua viwili. Vitu viwili katika safari moja, tangazo moja, hapo ndipo pesa ilipo. Ukiwa na pochi ndogo za kuambatanisha, bora zaidi.

Bila Daftari:
Au apandishe bei tu, mbona mnazunguka?

Dada Vifurushi:
Apandishe, sawa, lakini ajaribu kwa mikoba miwili mitatu kwanza. Akipandisha yote kwa siku moja hatajua kilichofukuza wateja ni nini.

Halafu ile inayorudi, wanasema sababu?

Mleta uzi:
Wengi wanasema "nilidhani ni mkubwa." Nilitaka niandike kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Dada Vifurushi:
Usithubutu kabla hujajua sheria ya kule unakouza. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, mnunuzi wa mtandaoni ana siku 14 za kurudisha bidhaa nyingi bila hata kutoa sababu. Tatizo lako ni picha. Mkoba uliopigwa peke yake juu ya kitambaa cheupe hauna ukubwa. Mvalishe mtu begani, andika vipimo kwenye maelezo, na weka picha moja simu ikiwa inaingia ndani.

Mleta uzi:
Nimetoka kupima mikoba yote kwa rula sasa hivi. Mmoja niliouandika "wa kati" simu yangu haiingii 😂 Punguzo nimelifuta. Kesho namuuliza msafirishaji kuhusu hiyo 5,000, nitaleta mrejesho hapahapa.