Vipi tutawashawishi madaktari wajaze hojaji za utafiti?

Mtafiti wa Chake
Assalamu alaykum. Ninafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu namna madaktari wa Pemba wanavyoamua kumwandikia mgonjwa antibiotiki. Kibali cha maadili ninacho na barua nimezifikisha kwa madaktari dhamana, lakini hojaji niliyoituma kwa simu inasomwa tu, hairudi. Kwa kuwa madaktari kisiwani ni wachache, nachelea kwamba nitabaki na majibu ya wale tu wanaoipenda mada hii. Nifanye nini, bila ya kumlazimisha mtu?

Daktari wa Zamu
Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Hojaji kama hizo hunifikia asubuhi, foleni ya wagonjwa ikiwa imeshatoka nje ya mlango, na nikiifungua nakuta kurasa za maswali, ya mwanzo yakitaka umri, jinsia, ubingwa na kituo changu cha kazi. Hapa kwetu bingwa wa fani fulani huenda akawa mmoja tu hospitali nzima, kwa hiyo ukishamuuliza hayo umeshamtaja jina, kisha unataka akwambie kama huandika dawa pasipo kipimo! Yaondoe yasiyo ya lazima. Jengine ni matokeo: wengi huchukua majibu yetu wakapotea moja kwa moja. Ahidi kuyaleta kwenye kikao cha asubuhi, na uyalete kweli.

Maalim Takwimu
Naunga mkono suala la ufupi. Mwaka 1951 watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwaandikia madaktari wa Uingereza wapatao 60,000 kuhusu uvutaji wa sigara, kwa maswali machache mno, na zaidi ya 40,000 walijibu. Zawadi ndogo nayo husaidia, hasa ikitolewa pamoja na hojaji badala ya kuahidiwa baadaye, ila itajwe kwenye maombi ya kibali. Aidha, linganisha majibu ya waliochelewa na ya waliowahi, kwani waliochelewa huchukuliwa kuwa wanakaribiana na wasiojibu kabisa. Yakitofautiana sana, hofu yako ina msingi.

Mtafiti wa Chake
Nimefahamu, ahsanteni. Sasa hojaji ikiwa haina jina, nitamkumbusha vipi asiyejibu bila ya kumsumbua aliyejibu?

Maalim Takwimu
Tumia karatasi. Mpe kila mmoja hojaji isiyo na jina, pamoja na kipande chenye jina lake kinachosema tu kwamba ameshairejesha, na uweke visanduku viwili mbalimbali.