Jeli ya mapera na pasheni inageuka kahawia na kutoa maji ikifika Dar. Nirekebishe wapi?

Mapera_Lushoto: Wakuu, habari za leo. Natengeneza jeli ya mapera na pasheni hapa Lushoto. Nachemsha mapera, nayaacha yachuje usiku kucha kwenye kitambaa bila kukamua, natia sukari na juisi ya pasheni, napika mpaka kipimajoto kisome 105. Inatoka nyekundu ya kung'aa, ila mara nyingine inavutika kama gundi. Wateja wa hapa hawalalamiki. Shida ni duka moja la Dar: baada ya miezi miwili jeli imekuwa kahawia, harufu ya pasheni hakuna, na juu yamesimama maji. Chupa hazijafunguliwa hata moja. Kosa liko jikoni au kwenye kuhifadhi? Hii ndiyo kazi inayosomesha wanangu.

FundiJamu: Dada, anza na hiyo 105. Hicho ni kipimo cha pwani, ambako maji huchemka kwa 100. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka karibu na 95. Jeli huwa tayari ikizidi hapo kwa digrii 4 au 5, kwa hiyo kwako ni kama 100. Ukisubiri 105, maji yanakauka kupita kiasi, ndiyo hiyo gundi, na rangi inaanza kuharibika jikoni kabla hujaweka kwenye chupa. Pektini nayo, ambayo ndiyo inayogandisha, ikichemka muda mrefu ndani ya asidi inakatikakatika. Chemsha maji matupu kwanza, soma kipimajoto, ongeza digrii nne na nusu. Pika kiasi kidogo kila mara, kwenye sufuria pana, ili iive haraka.

BiMkubwa_Tanga: Na pasheni unaitia mapema mno mwanangu. Harufu yake inaondoka na mvuke. Mapera na sukari yakikaribia kuiva ndipo umimine, kisha urudishe kwenye joto lako. Usizidishe, pasheni ni kali, na asidi ikizidi jeli inakaza halafu inatoa maji. Kwenye mapera changanya na machache ambayo hayajaiva sawasawa, yana pektini nyingi kuliko yaliyolainika.

Muuzaji_Kkoo: Chupa zimepangwa wapi dukani? Joto la Dar likikutana na jua la dirishani, hata jeli iliyopikwa vizuri inageuka rangi. Mimi naziweka rafu ya chini, ndani ya boksi, natoa chache za kuonyesha.

Mapera_Lushoto: Nimempigia mwenye duka, ziko dirishani kweli. Nitapika upya kwa 100 na kumwomba azihamishe. Hizo zilizotoa maji zinalika?

FundiJamu: Kama kifuniko bado kimebonyea ndani, hakuna ukungu, povu wala harufu ya kuchacha, zinalika. Ila kwa sura hiyo usiziuze, tumieni nyumbani. Yenye ukungu tupa yote, usikwangue juu. Safari ijayo jaza ikiwa bado ya moto, isishuke chini ya 85, kwenye chupa zilizochemshwa, na uache nafasi ya nusu sentimita tu. Hewa ikibaki nyingi juu, kahawia inaanzia hapo. Tenga chupa mbili za kila mpiko, moja ibaki kwako kwenye baridi na nyingine iende Dar, uzilinganishe kila mwezi.