Pawaso za betri zenye mpini mrefu: tupeane uzoefu kabla sijanunua

Mwenye Mwembe, Entebbe
Ndugu zangu, mvua za Machi zinakaribia na mwembe wetu umelalia mabati ya jikoni. Nataka pawaso (msumeno wa mnyororo) ya betri yenye mpini mrefu, nipunguze matawi nikiwa nimesimama chini. Nimeoneshwa ya volti 20 na ya volti 40, bei zimeachana mbali. Waliozitumia mnasemaje?

Mama Fenesi, Bombo
Ninayo ya volti 20. Matawi ya unene wa mkono inakata vizuri. Fenesi ndiyo mtihani: utomvu unaganda kwenye mnyororo mpaka mashine inakwama. Nachomoa betri, nafuta kwa mafuta ya taa, natia oili, naendelea. Volti zisikudanganye peke yake, soma na ampea-saa, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inahifadhi. Betri ya ampea-saa 4 inadumu karibu mara mbili ya betri ya ampea-saa 2. Na kama nyumbani mna drili ya betri, tafuta pawaso inayotumia betri hiyo hiyo.

Fundi wa Jinja
Chukua ya petroli. Betri haiwezi mvule.

Mama Fenesi, Bombo
Nani kataja mvule, fundi? Ya petroli nzito, kelele tupu. Ukiinyanyua juu ya kichwa mabega yanakufa ganzi.

Fundi wa Jinja
Mabega huzoea, dada. Umeme ukikatika utachaji na nini?

Mama Fenesi, Bombo
Sola.

Afande Mstaafu, Gulu
Mmetaja kelele, mmenikumbusha jambo. Kijana wa dada yangu alikuja na pawaso ya kuazima kukata tawi kavu la mwembe. Tawi lilikuwa na uwazi ndani, na nyuki walishajenga humo. Mnyororo ulipogusa tu, tawi likatetemeka, wakamwagika kama maji. Kijana akaachia mashine akakimbia. Mzee jirani yetu alikuwa kivulini, miguu haimbebi. Tukamfunika blanketi, tukamburuta ndani huku tunaumwa shingoni na masikioni. Mbuzi alikuwa amefungwa kamba shinani. Tulimsikia analia, na hakuna aliyeweza kutoka kumfungua. Kijana tulimpeleka hospitali kwa boda, uso umevimba, macho hayaonekani. Alipona, Mungu mkubwa.

Binti Tororo
Pole sana afande. Mbuzi je?

Afande Mstaafu, Gulu
Alikufa, binti yangu.

Msafiri wa Kasese
Nyuki ni moshi tu. Washa majani mabichi chini ya mti.

Binti Tororo
Usimpotoshe mwenzio! Mwite mrina asali, aje usiku na vifaa vyake. Kwetu watu wameumia kwa hayo majani mabichi.

Msafiri wa Kasese
Babu yangu alifanya hivyo maisha yake yote.

Mwenye Mwembe, Entebbe
Afande, asante, kesho naanza kwa kuukagua mti wote. Lakini wapendwa, pawaso je?

Fundi wa Jinja
Haya, hata kwa betri, sikiliza. Dukani omba uivute mpini mpaka mwisho, uishike juu kidogo. Kilo 4 mezani na kilo 4 angani ni vitu viwili. Tawi nene kuliko urefu wa ubapa, kile chuma kinachobeba mnyororo, usiliguse. Kata kwanza kwa chini, kidogo tu, halafu juu, mbele kidogo ya ule mkato, la sivyo tawi litachana gome mpaka shinani. Kisiki kinachobaki kikate mwisho, karibu na shina, bila kugusa ule uvimbe wa shingo ya tawi. Usisimame chini ya unachokata.

Mama Fenesi, Bombo
Hapo tumekubaliana. Waya za umeme zinapita karibu?

Mwenye Mwembe, Entebbe
Zinapita upande wa barabarani.

Mama Fenesi, Bombo
Upande huo usiupeleke mpini kabisa. Alumini inapitisha umeme, na hata mpini wa faiba ukilowa si salama. Waite watu wa umeme.

Msafiri wa Kasese
Kama mwembe una maua, subiri uvune kwanza.

Mwenye Mwembe, Entebbe
Tawi la juu ya mabati haliwezi kusubiri. Nachukua ya volti 20 yenye betri ya 4. Mama Fenesi, oili ya mnyororo unanunua ipi?