Acheni kutuuzia chupa za "bakteria wanaokula mafuta": oksijeni mmeihesabu?

Wakuu, hili sasa limekera. Mafuta yakimwagika popote, haipiti muda anatokea mtu na chupa na slaidi zake: bakteria waliobadilishwa vinasaba, mwaga, subiri, udongo umepona. Muulize oksijeni itatoka wapi, anakurudisha kwenye slaidi ya jeni.

Haya, tupige hesabu. Tani moja ya udongo wenye miligramu 10,000 za mafuta kwa kilo ina kilo 10 za mafuta. Kila kilo ikiliwa mpaka iishe inadai oksijeni kilo 3 na ushee, kwa hiyo ni kilo 30 na kitu. Maji yaliyoshiba hewa kwenye nyuzi 25 yanabeba miligramu 8 hivi za oksijeni kwa lita. Ukitegemea maji yakuletee, andaa lita karibu milioni 4. Kwa tani MOJA! Ndiyo maana udongo unageuzwageuzwa au hewa inasukumwa kwa mabomba. Jeni ya kuvunja mafuta haipenyezi hewa kwenye tope lililoshikana.

Mbolea nayo. Uwiano wa kuanzia uliozoeleka wa kaboni, nitrojeni na fosforasi ni 100:10:1. Kilo 10 za mafuta zina kaboni kama kilo 8.5, hivyo nitrojeni ni gramu 850, yaani urea karibu kilo 1.9, na fosforasi gramu 85. Ukiimwaga yote kwa mkupuo, chumvi na amonia vinawaua bakteria haohao uliowalipia. Igawe kwa awamu, pima nitrojeni iliyobaki kabla ya kuongeza, pH iwe kati ya 6 na 8, udongo uwe na unyevu bila kutota.

Ukishafanya hayo yote, bakteria wenyeji wa udongo huo wanaanza kazi bila chupa. Gramu moja ya udongo huwa na bakteria mamia ya mamilioni, na palipochafuka siku nyingi wale wanaokula mafuta huwa wameshaongezeka wenyewe. Mgeni aliyelelewa kwenye flaski anakutana na protozoa (vijidudu vya seli moja) wanaomla, na plasmidi (kipande cha ziada cha DNA) mliyompachika anaitupa kwa sababu inamlemea. Alaska mwaka 1989, baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta, kilichotandazwa ufukweni kwa wingi ni mbolea. Bakteria wa kuvunja mafuta wa Chakrabarty, mwanasayansi aliyeshinda kesi ya hataza (haki ya uvumbuzi) katika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1980 kwa kura 5 dhidi ya 4, hakuwahi kutumika kusafisha mafuta yaliyomwagika. Slaidi zenu zinamtaja kana kwamba alisafisha bahari.

Jaribio la heshima lipo: bakteria Pseudomonas fluorescens HK44, Oak Ridge, Tennessee, mwaka 1996. Alipachikwa jeni za kutoa mwanga anapovunja naftalini, kemikali mojawapo ya mafuta, ili aonekane yuko kazini. Hata hapo uchafu haukuwa umesambaa sawasawa kwenye udongo, ikawa vigumu kusema yeye hasa alisafisha kiasi gani. Watafiti wale walikiri. Nyie mnaleta picha ya kabla na baada.

Na hiyo "baada" ndiyo inayoniudhi zaidi. Trekta likigeuza udongo, udongo safi wa chini unachanganyika na mchafu, kipimo kinashuka bila hata tone moja kuliwa. Sehemu nyepesi za mafuta zinapaa hewani. Kama ni mafuta ghafi, pima uwiano wa mafuta kwa hopani, kiambata kigumu sana kuoza: uwiano ukishuka, kweli kitu kimeliwa au kimepaa, usiposhuka, mmechanganya udongo tu. Kisha tenga vipande vitatu vya ardhi: mbolea na kugeuza peke yake, hivyohivyo pamoja na bakteria waliouawa kwa joto, na hivyohivyo na walio hai. Tofauti ya viwili vya mwisho ndiyo bei halali ya chupa yako.

Kwenye metali ni aibu tupu. Madini ya risasi (lead) hayaozi wala hayaliwi, ni elementi. Jeni ya bakteria iitwayo merA inageuza zebaki iliyoyeyuka kuwa mvuke. Usipounasa umeihamishia mapafuni mwa watu.

"Swichi ya kujiua", yaani jeni ya kumuua bakteria kazi ikiisha? Kwenye mabilioni ya seli, mabadiliko madogo ya jeni yanaivunja kwa chache, na hizo chache ndizo zinazobaki kuzaana. Semeni mmeweka swichi ngapi zinazojitegemea, na wangapi walitoroka kwenye kipimo.

Mwenye data za vipande vitatu aziweke hapa, pamoja na za kile cha bakteria waliouawa.